Kamba Mbili za Nyumba ya Daraja

20 Januari

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kama kuna anayeumwa, Mungu amwinue. Sisi huku hatujambo. Mama yupo, magoti ndiyo yale yale, ila mdomo haujaguswa na ugonjwa wowote. Juzi alimwuliza daktari kama haya magoti anayatibu au anayafuga. Daktari alicheka, mimi nikaona aibu, kisha nikacheka njia nzima.

Naandika kwa sababu simu ya ofisini kwetu ni ya watu wote. Siku ile ulipopiga, karani alikuwa anasikiliza, mpishi anasikiliza, na mwalimu wa zamu amesimama mlangoni akijifanya anatafuta chaki. Kuna mambo hayasemeki mbele ya mtu anayetafuta chaki.

Shule imefunguliwa wiki iliyopita. Kazi yangu unaijua, stoo ya mashuka, vitanda mia tatu na arobaini. Bado naweka alama ya uzi kwenye pembe ya kila shuka: kijani Nyumba ya Mlima, bluu Kisima, njano Mnara, nyekundu Daraja. Watoto wageni huchukua siku tatu kuelewa kwamba nyumba si jengo, maana bweni moja wanalala wa nyumba zote nne. Wakishaelewa ndiyo basi tena, mtoto wa Mnara hataki kulalia shuka la Kisima hata kama linanukia sabuni. Wananionyesha dirishani, "Mama Mashuka, lile ndilo daraja letu," kana kwamba mimi nimeletwa mji huu jana.

Mwezi wa nane shule inatimiza miaka arobaini. Mkuu wa shule anataka mbao za majina ya viranja wa nyumba zipakwe rangi upya, na kila nyumba ipate ukurasa mmoja ulioandikwa na kiranja wake wa zamani, usomwe siku ya sherehe. Kwa Daraja amekuchagua wewe, kwa sababu mwaka wako ndio mlichukua kombe. Barua yake nimeiweka humu ndani.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Yupo fundi seremala wa shule, aliajiriwa mwaka juzi. Alifiwa na mkewe kama mimi nilivyofiwa na mume wangu. Ni mtu wa sala, hana haraka, anachechemea mguu wa kushoto lakini hachelewi popote. Ameniomba tuoane. Nimemwambia Baba hayupo na nafasi yake umeishika wewe. Ukikubali, wazee wake watakuja kwa Mama. Usipokubali, hawaji. Nina miaka arobaini na sita, Kaka, na tisa kati ya hiyo nimekula chakula changu nikitazamana na ukuta, Mama akiwa ameshalala. Najua ninachotaka. Sitaki tu kukitaka bila wewe.

Anasema mlisoma pamoja, Nyumba ya Daraja. Jina lake huenda umelisahau, lakini nikisema Kijiko utamjua, maana alikuwa hatoki bila kijiko chake mfukoni mwa shati. Anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako.

16 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Barua yako imefika, nimeisoma kazini kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya hospitali, nikiwa nimekalia ndoo ya grisi. Sote wazima. Wifi yako alikuwa na mafua, yamekwisha, sasa ameniachia mimi. Binti yetu wa mwisho amepata alama nzuri na ameanza kutusahihisha tukiongea.

Kazi ni ile ile, lifti sita, na kila siku moja inagoma. Wiki jana ilikwama na madaktari wawili ndani, dakika ishirini. Walitoka wananitazama kama mimi ndiye niliyewafunga. Nikawaambia hata nyie mgonjwa hamumponyi kwa dakika ishirini. Mkubwa wangu hakufurahi.

Mwambie Mama anywe dawa na apunguze ngazi za kanisani. Mungu anasikia hata wanaokaa viti vya nyuma.

Kuhusu ukurasa wa mkuu wa shule, mwambie nashukuru lakini nimebanwa na kazi. Viranja wa Daraja wako wengi, achague mwingine. Na mambo ya kombe ni ya utoto.

Bado wanawapeleka watoto wageni kupaka rangi darajani, Jumamosi ile ya kwanza?

Kaka yako.

3 Machi

Kaka mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Pole na mafua, mpe pole wifi pia, na mwambie huyo binti msahihishaji kwamba shangazi yake anampenda, lakini usimpe barua zangu azisahihishe. Mama amevikataa viti vya nyuma. Anasema amezoea kumwona mchungaji anapoongopa kuhusu muda wa mahubiri.

Ndiyo, bado wanawapeleka. Kila nyumba inakwenda mahali palipoipa jina. Wa Mlima wanapaka chokaa mawe ya njiani, wa Kisima wanafyeka majani na kusafisha mfuniko wa kisima, wa Mnara wanafagia ngazi za mnara wa saa, na wa Daraja wanakwaruza kutu na kupaka rangi vyuma vya ukingo. Zamani mlikuwa mnashindana nani atamaliza kwanza, sasa mkuu wa shule amefuta mashindano. Na anayepaka upande wa nje wa ukingo anafungwa kamba na mwalimu mwenyewe, si kiranja tena. Niliwapelekea maji ya kunywa, nikaona.

Umenijibu yote, Kaka. Magoti, mafua, lifti, ukurasa. Nimeisoma barua yako nikiigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta chenji, nikidhani labda umeandika nyuma. Kijiko hayumo hata kwa salamu.

Nikasema labda umesahau, nitakukumbusha. Wiki iliyopita alikuwa anapaka rangi ule ubao wa viranja wa Daraja. Ameulaza juu ya meza mbili ndani ya bwalo, amevaa miwani yake iliyofungwa uzi, na brashi nyembamba kama sindano. Nilimkuta amefika kwenye jina lako. Alilipaka taratibu kuliko mengine, mpaka nikamtania kwamba kumbe anamtafutia sifa shemeji mtarajiwa. Hakucheka. Nikamuuliza huo mguu aliupata wapi, maana miaka miwili hii sijawahi kumuuliza. Akasema alianguka darajani, Jumamosi ya kupaka rangi, mwaka ule ule wa kombe. Mimi mwaka ule nilikuwa kwa shangazi najifunza kushona, nilisikia tu kuna mwanafunzi alianguka. Nikamuuliza, kwani hakuwa na kamba?

Akasema, "Hiyo habari si ya kwangu peke yangu." Akachovya brashi akaendelea na jina la mwaka uliofuata.

Mwandikie neno, Kaka. Na mimi niandikie langu. Wazee wake wanauliza.

Mdogo wako.

29 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima.

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Huyo mtu hakufai. Ni mtu mzima, mguu wake ni mbovu, na fundi seremala leo ana kazi kesho hana. Mungu atakuletea mwingine. Wewe umekaa miaka tisa, huwezi kushindwa kukaa mingine michache.

Tafadhali usiniulize zaidi ya hapo.

Msalimie Mama.

Kaka yako.

8 Mei

Kaka,

Natumaini uko salama na kazi inakwenda, na watoto wanaendelea na masomo. Sisi tupo. Mvua zimekata, mashuka yanakauka kwa siku moja. Mama alikuwa na homa wiki mbili, Mungu amesaidia, sasa anagombana na mwenye duka kama kawaida.

Nimetii. Nimemwambia fundi awaambie wazee wake wasubiri. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa anakuja stoo saa nne kunywa chai, akikaa kwenye lile sanduku la sabuni, akinieleza habari za mbao kama mtu anayeeleza habari za jamaa zake. Sasa haji. Anapita dirishani, ananiamkia, anakwenda. Chai yangu nainywa nikihesabu foronya.

Nimemsomea Mama barua yako. Aliniambia niirudie pale penye mguu. Nikairudia. Akasema, "Baba yenu alikuwa haoni jicho moja na nilimzalia nyie wawili, wala hakuna aliyezaliwa chongo."

Kaka, wewe ndiye uliyeuza redio yako ili nipate cherehani ya kwanza. Sijasahau na sitasahau, kwa hiyo sikuandikii kwa dharau. Lakini kama huyu ni mwizi, niambie. Kama ni mlevi, niambie. Kama alifanya jambo baya mlipokuwa shule, liseme, nitamwacha leo hii na sitakulaumu. Ila mguu si sababu, na kazi ya mbao si sababu, wala "mingine michache" si sababu. Unajua mwaka mmoja wa upweke una siku ngapi?

Nimepiga magoti kumwomba Mungu anipe moyo wa kukutii bila kuuliza. Hajanipa. Nadhani na yeye anangoja sababu yako.

Mdogo wako.

30 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu, namsalimia Mama, na namshukuru Mungu kwa homa yake kwisha. Huku wote wazima. Barua hii ni ya nne. Tatu nimezichana.

Wifi yako aliikuta barua yako kwenye mfuko wa ovaroli alipokuwa anafua. Hakunificha, aliniambia ameisoma. Akaniuliza, "Huyu Kijiko alikukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea kitu. Akasema, "Basi mjibu dada yako hivyo hivyo." Akaendelea kufua. Siku tatu hakunisemesha ila kuhusu chakula.

Basi nasema. Jumamosi ile tulikuwa pointi nane nyuma ya Kisima. Nyumba itakayomaliza kazi yake na watu wake wote kurudi uwanja wa gwaride kwanza, ilikuwa inapata kumi. Sheria ya Daraja ilikuwa kamba mbili. Wanaopaka upande wa nje wa ukingo ni wawili tu kwa wakati, kila mmoja amefungwa yake kiunoni, na anayefunga ni kiranja. Mkokoteni wa rangi haukuweza kupanda hadi darajani, ulibaki chini kando ya mto, na kila kopo lilibidi lizungushwe kwa njia ya juu. Tulikuwa tunapoteza muda. Mimi nikaona akili yangu kubwa. Nikachukua kamba moja nikaanza kuvutia makopo kutoka chini moja kwa moja.

Kamba hiyo ilikuwa ya Kijiko. Nilimfungua mimi, kwa mikono yangu. Aliniuliza, "Kiranja, na mimi je?" Nikamwambia ashike chuma kwa mkono mmoja, apake kwa mwingine, kwani yeye ni mtoto? Akashika. Tulipokuwa tunakaribia kumaliza nilisikia kopo linagonga mawe chini, halafu nikaona hayupo.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Mkuu wa shule wa wakati ule aliponiita, nilisema aliifungua kamba mwenyewe kwa kujionyesha. Wenzetu walisikia wakanyamaza, kwa sababu mimi ndiye kiranja na kombe lilikuwa mbele yetu. Walituachia pointi zetu, wakasema nyumba nzima isiadhibiwe kwa utundu wa mmoja. Alipotoka hospitali baada ya miezi mitano hawakumrudisha shule. Mimi nilibeba kombe mbele ya watu, na Mama alikuwepo akipiga vigelegele.

Ulipoandika jina lake nilidhani ananitafuta kupitia kwako. Baadaye nikaona hata kama hanitafuti, akikuoa atakaa mezani kwetu, na siku moja Mama atamuuliza habari za mguu. Nikaona afadhali wewe ukae peke yako kuliko mimi nitazamwe. Niliandika maneno yale kuhusu miaka tisa nikijua ninachofanya. Kuhusu kamba ningeweza kusema nilikuwa kijana. Kuhusu barua ya Aprili sina la kusema.

Ukurasa wa mkuu wa shule nimeuandika, umo humu, umeeleza kila kitu na jina langu liko chini. Mpe Kijiko ausome kabla ya mtu yeyote. Akitaka uchomwe, uchomeni. Na ulichoniomba, ndiyo yangu au hapana yangu, sioni kama nina haki ya kukupa hata moja.

Kaka yako.

21 Julai

Kaka,

Habari za huko. Mshukuru wifi kwa niaba yangu, mwambie nimemwelewa hata siku tatu zile. Sisi tuna afya. Mama ameanza kutembea hadi lango la shule na kurudi, kwa fimbo aliyotengenezewa na unayemjua.

Barua yako niliisoma stoo mlango nimefunga. Sikulia. Nilikunja mashuka sitini, nikayafungua, nikayakunja tena. Kusema kweli jambo la daraja lilinisikitisha, lakini la Aprili ndilo lililonikasirisha, na wewe mwenyewe umelijua. Nilikupa moyo wangu uushike, ukautumia kujifunika. Nikisema nimeshamaliza hasira nitakuwa naongopa, na uongo katika ukoo huu umetosha. Naomba kila asubuhi, inapungua.

Baadaye niliuchukua ule ukurasa nikaenda karakana. Alikuwa anapiga randa mlango wa bweni. Nikamwambia kaka yangu ameandika, ameomba usome wewe kwanza. Alikung'uta unga wa mbao, akavaa miwani, akasoma amesimama, akausoma tena amekaa. Mimi nikaanza kumweleza, nikisema kumbe ni kaka yangu ndiye.

Akasema, "Kwani si mimi niliyeanguka? Unadhani nilikuwa nangoja kuambiwa nani alichukua kamba?"

Nikamuuliza sasa kwa nini hakuniambia. Akasema alichokuwa anangoja ni wewe useme, na kama angenisimulia yeye ingekuwa kesi yake dhidi yako, mimi nikiwa hakimu, na hakutaka mke hakimu. Nikaona heri niulize lililokuwa linanichoma tangu niifungue barua yako. Nikamuuliza kama alinifuata mimi kwa sababu yako.

Aliweka randa chini. Akaniambia alipoajiriwa hakujua mimi ni nani. Alijua siku aliyoona picha ya Baba stoo, na wewe umesimama pembeni. Akasema, "Nilikaa miezi minne bila kuja kwako. Hukuona?"

Niliona. Nilidhani alichukia kwa kuwa nilimnyima shuka la kufunikia mbao.

"Miezi hiyo minne ilipopita nikaona namwadhibu mtu ambaye hata hayupo," akasema, "na anayeumia ni mimi na chai yangu." Halafu akaniuliza kama lile shuka bado liko. Sikumpa hata siku hiyo, ni mali ya shule.

Ukurasa hataki uchomwe. Alichoomba ni kwamba asiusome mwalimu wala karani. Uje uusome mwenyewe. Nilimpelekea mkuu wa shule naye akausoma, akatoa rejista ya mwaka ule kabatini. Jina la fundi limepigwa mstari mwekundu, pembeni wameandika utovu wa nidhamu. Mkuu wa shule akaandika chini yake sahihisho kwa mkono wake, akatia sahihi na tarehe. Amesema muda wako siku ya sherehe upo, tarehe nane mwezi wa nane, baada ya Nyumba ya Kisima.

Mama nimemsomea yote, hata pale pa vigelegele. Nilipomaliza alisema ile nafasi ya Baba uliyoishika alikuazima yeye, na ameichukua. Wazee wa fundi walikuja Jumamosi iliyopita, Mama akawajibu mwenyewe, wakanywa chai, yakaisha. Sikungoja ndiyo yako, Kaka. Nakwambia ili usije ukasikia kwa watu.

Harusi ni tarehe kumi na tano, wiki moja baada ya sherehe ya shule, saa nne asubuhi, bila makuu. Mchungaji anataka jina la ndugu atakayeingia na mimi kanisani. Nimemwambia aache nafasi wazi hadi mwisho wa mwezi. Fundi anajua, na ameniambia nikuandikie hivi: shemeji aje, akitaka kuongea tutaongea, asipotaka tutakaa tu. Mimi naongeza langu. Njoo hata kama bado nimekasirika. Sitaki kuingia na mwingine.

Mama anaulizia jibu kila gari la barua linapopita. Nijibu upesi, kabla ya tarehe thelathini na moja, uniambie unafika siku gani.

Mdogo wako.